Miye, Mukwe na Mashini ya Joto

Lubumbashi, Bel-Air, mu nyumba yenye haiko yetu

Baba Kasongo,

Jambo kwako mbele ya maneno yote. Goti yako ya kuume inasema nini mu baridi hii? Unaifunga ile kitambaa ya manyoya nilikuachia, ao umeishaitandika chini ya imbwa? Usile mihogo ya jana asubuhi, tumbo yako haipende, na miye siko kule ya kukukanda. Siye huku tuko bazima. Miye niko muzima, Alfonsina mutoto yetu iko muzima, mutoto yake iko muzima, na Kalala bwana yake iko muzima. Ndiyo, nimeandika jina ya mukwe yangu, kwa mukono yangu mwenyewe. Usitupe barua. Soma mpaka mwisho. Kama macho inachoka, umupe katekista akusomee, lakini kwanza umufukuze muke ya ndugu yako mu nyumba, masikio yake iko mirefu.

Nikujibu kwanza. Maneno ulituma kwa kinywa ya mama-masela, yule mutawa yenye alipita Kabalo, alinifikishia yote. Ati nilisema ninaenda mwezi moja, sasa inaingia mwezi ya sita. Ati labda nimepata bwana ingine huku. Baba Kasongo, weye ulitia makala mu mashini ya reli mpaka nywele ikakuwa nyeupe, na haujui kama daraja ikivunjika train haipite? Ulitaka niruke mito sawa kunguru? Nilikuya kumuangalia mutoto yetu na mimba, juu ya zile mbili zenye alipoteza. Mama yote anafanya vile. Njia ikafungwa nyuma yangu. Na juu ya bwana ingine, ndiyo, nimemupata. Hana meno, hana nywele, anakojoa paka juu yangu tu, na anakasirika kama chakula inachelewa. Nilimupa jina yako bila kukuuliza. Anakushinda paka kitu moja: yeye, nikimuimbia, ananyamaza.

Alizaliwa mbele ya wakati, mwezi ya saba haijaisha. Unajua mukono yangu. Kichwa yake ilikuwa hapa mu kiganja, na miguu haikufika ku kiwiko. Sasa nikuelezee namna tuliingia mu nyumba hii, juu ya vile bantu kule batasema tuliiba.

Tulikuwa tunakaa Ruashi. Bajandarme, basoda ya serikali ya huku, bakaanza kupita nyumba kwa nyumba, bakiuliza kila muntu: weye wa wapi? Kalala ni muntu ya Kasai, siye ni bantu ya Kabalo. Siku hizi hizo mbili haiko majibu ya kumupa muntu yenye iko na bunduki. Hata ukidanganya, ulimi yako inajibu mbele yako. Jirani yetu alijibu muzuri kabisa, na bakamubeba. Sasa Kalala alikuwa mupishi ya muzungu moja, enjenia, huku Bel-Air. Yule muzungu alikimbia Rodezia na bibi yake kungoja makelele ipite, akamuachia Kalala fungulo aangalie nyumba. Asubuhi moja tukaingia kwa mulango ya nyuma, na nguo yenye tulivaa. Tukaacha madirisha yote imefungwa, sawa hakuna muntu. Siku ya pili, uchungu ikamushika Alfonsina, mutoto akashuka.

Tangu ile siku sijakanyaga inje. Ninaona barabara kwa ufa ya dirisha, ufa sawa kidole. Ninajua miguu ya bantu, sura yabo sijui. Miye, yenye nilikuwa ninaenda ku soko bila kukuaga! Nimehesabu mbao ya chini ya salon mpaka nikachukia hesabu.

Baridi ya Lubumbashi haiko baridi ya kwetu. Huku asubuhi majani inakuwa nyeupe. Mutoto sawa ule, ukimuacha mu baridi ile, anazimika sawa kibiriti. Tulimulalisha mu droo ya kabati, na pamba chini na juu. Lakini pamba haizae joto, inachunga paka ile iko. Kumbe mu nyumba hii kuko mashini ya joto. Bibi ya muzungu alikuwa anaogopa baridi sawa weye unaogopa sabuni, bwana yake akamutengenezea. Chini ya nyumba kuko kave, chumba yenye nusu yake iko mu udongo, unashuka ngazi ine. Mule muko mashini yenye inakula mazuti, ile mafuta nzito ya kuwasha. Inachemsha hewa, na vantilateri, ile feni kubwa, inaisukuma mu mabomba ya bati mpaka mu vyumba, inatokea ku matundu ya chini yenye iko na kifuniko ya chuma. Halafu mu salon, ku ukuta, kuko kisanduku kidogo na sindano na namba. Bazungu banaita termosta. Ukizungusha sindano, unasikia kule chini: puu! Moto imewaka.

Hapa njo matata ilianzia, na nusu yake ni ya kwako.

Unajua buko yetu. Mama-mukwe na mukwe habaonane uso, habale pamoja, habaitane jina. Mule Ruashi haikuwa ngumu: Kalala alitoka asubuhi, alirudi jioni, miye ninafunika kichwa na kupita upande ya jiko. Lakini mu nyumba yenye imefungwa, bantu ine mu kivuli moja? Kalala, juu ya heshima, alichagua kave. Alishuka na busato yake ya kulalia, akakaa mule na mashini. Juu ikawa yangu, chini ikawa yake. Alfonsina alikuwa anapita katikati na sahani na maneno. Sindano ya ukutani iko juu: ni miye ninaizungusha. Vantilateri iko chini: ni yeye anaiongeza mbio ao anaipunguza. Bantu babili, mashini moja, na habasemezane.

Weye, kila mara ukikunywa, ulituimbia: "Moto haina mashauri, ipewe yote!" Na miye, mujinga, nilikuamini. Niliona sindano ni sawa ile sepetu yako ya makala: ukitupa mingi, joto inakuya mbio. Nikaizungusha mpaka mwisho, fasi yenye namba imeisha. Halafu nikafunga matundu ya vyumba vyote, nikaacha paka ya chumba ya mutoto, ili joto yote ikuye kwake. Nilijisifu. Nilisema, Baba Kasongo angeona.

Kule chini Kalala anaona moto haisimame, bati inakuwa nyekundu. Anafanya nini? Anaongeza mbio ya vantilateri ili itoe joto. Juu miye ninasikia mupepo mingi lakini haiko moto sana, ninasema mashini inafanya uvivu, sindano ikae paka mwisho. Yeye anaongeza. Miye ninashikilia. Mashini ikachoka na bantu sawa siye, ikajizima yenyewe, nyuma kidogo ikajiwasha, ikajizima tena. Kila mara ikirudi: puu, na mupepo inalia mu bati sawa tarumbeta ya arusi. Na mutoto? Midomo yake ilianza kupasuka. Ngozi ikakuwa sawa ganda ya kitunguu. Hakulia, ilikuwa inatoka sauti kidogo tu, sawa mulango.

Nilimuambia Alfonsina: "Shuka, umuambie yule muntu apunguze mupepo." Alishuka akishikilia ukuta, damu yake ilikuwa bado haijarudi. Akapanda. "Anasema nini?" "Anasema mama anafanya muzuri." Siku tatu vile. Nyuma njo nilijua: Kalala alikuwa anasema, "Mama anafanya muzuri, lakini arudishe sindano, ataunguza mutoto." Alfonsina alikuwa ananipa nusu ya kwanza, ya pili anaimeza ku ngazi. Kwetu mukwe hamukosoe mama-mukwe, na mutoto yako ulimulea muzuri, aliona afazali mashini ipasuke kuliko miye nitukanwe. Nilimukalipia. Lakini nikuambie kweli, ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Sasa sikia ile siku. Jua ilikuwa juu, saa ya kula. Alfonsina alikuwa amelala na mutoto juu ya kifua. Miye niko ku ufa yangu. Jandarme moja anapita na bunduki mu mugongo. Anasimama. Anageuza kichwa sawa kuku. Nyumba ya bazungu benye balikimbia, na inanguruma! Akafungua mulango ya lupango, ile uwanja yenye inazunguka nyumba.

Nilirukia ku sindano, nikairudisha mpaka zero. Kule chini moto ikakufa: tak. Lakini vantilateri haikusimama, Baba Kasongo! Moto imekufa na mupepo inaendelea. Sikujua kama inabakia kwanza kutoa joto yenye inabaki mu bati. Niliona ni uchawi. Nikaenda ku ngazi ya kave, nikapiga mikono namna ya adabu, ili mukwe ajue niko karibu. Hakusikia. Nikamuita na heshima: "Baba!" Mupepo ikaikula. Viatu ya jandarme inasikika ku kokoto ya inje. Nikasema mu roho yangu, buko ya nani kama hatuko tena? Nikaita jina yake kwa sauti yangu: "Kalala!" Na nikafungua mulango.

Alikuwa amesimama bila shati, jasho inamutiririka, kitambaa ya mafuta mu mukono. Aliponiona akageukia ukuta, akajifunika na gunia.

"Mama! Toeni macho huku, mama!"

"Niitoe niiweke wapi? Jandarme iko ku lupango. Kata mashini!"

Alikata. Ile kimya iliniuma masikio.

Kave ile iko na dirisha kidogo juu, usawa ya udongo ya inje. Tukaona viatu. Ilizunguka nyumba, ikasukuma mulango ya mbele, ikarudi, ikasimama pale pale, mbele ya uso yetu. Bomba ya moshi inapita ndani ya ukuta ule, na ukuta ilikuwa bado ina joto. Yule jandarme, mutoto ya bantu, akaegemeza mugongo yake pale. Tulimusikia anapumua kwa utamu. Alisimama pale wakati ya kumaliza rozari nzima. Kalala, jasho yake ilimugeukia baridi, meno ikaanza kupigana. Nikatoa kikwembe yangu ya mabega, nikamufunika. Ndiyo, nguo yangu juu ya mukwe. Mabega yetu ilikuwa inagusana. Na juu yetu mutoto angelia saa yoyote, na Alfonsina hajui kitu.

Jandarme ingine akapiga kelele kutoka barabara: "We, unafanya nini kule?"

"Ukuta hii iko moto!"

"Ni jua, mujinga!"

"Jua gani? Huku ni kivuli!"

"Basi uoe ukuta! Kuya, ao utabeba sanduku ya risasi peke yako!"

Viatu ikaondoka. Yule ya kwanza alikuwa anavuta miguu, sawa muntu yenye ameacha kitanda.

Alfonsina alitukuta tunapanda ngazi pamoja. Aliweka mukono ku kinywa, akalia. Juu ya jandarme hakulia, alilia juu ya kikwembe. Nikamuambia: "Nyamaza. Laana ya buko ni ya miye na baba yako, tutaitengeneza. Uniletee kiti." Nikakaa mu ngazi, mukwe yangu akakaa chini yangu, bado anaangalia ukuta, nikamuambia aseme yote yenye alikuwa anameza. Alisema polepole, "mama, nisamehe," kila neno tano. Nilimuambia hizo samahani aziweke kwa kaka yangu mukubwa, aseme ya mashini.

Sasa nikufundishe, juu haujui moto, unajua paka makala. Sindano ya ukutani haisukume moto. Inaambia mashini fasi ya kusimama, basi. Ukisema train isimame Kongolo ao isimame mbali zaidi, inaongeza mbio juu kituo iko mbali? Hapana. Inaenda mwendo yake, inachelewa kusimama tu. Njo sindano. Miye nilikuwa nimeagiza kituo yenye haiko, na mashini inatembea bila kufika. Mbio yenyewe iko ku vantilateri. Mota iko na gurudumu ya mifereji tatu, kubwa na ya katikati na kidogo, na mukaba ya mpira. Unakata kwanza umeme, unaregeza bulo, ile bolti yenye inashika mota, unatia mukaba ku mufereji kidogo ya mota: vantilateri inazunguka polepole. Lakini ukiipunguza na matundu yote imefungwa, joto inakosa njia, mashini inajizima. Basi nilifungua matundu ya vyumba tatu. Tukatia sindano ku makumi mbili na mbili, na beseni ya mayi mbele ya tundu, hewa isikauke. Mukaba, nilishika miye. Kalala alitaka kunikataza, akakumbuka, akanipa fungulo ya bulo.

Jioni ile, mupepo ilikuwa sawa muzee yenye analala na mudomo wazi. Uliza nani. Siku mbili, midomo ya mutoto ikarudi laini. Siku tano, akalia kweli, sauti ya baba yake, mpaka niliziba mulango na mito ya kitanda.

Sasa tungekuwa na raha, lakini nyumba hii ni mutego yenye ina joto. Mutego ni mutego. Kalala alitia fimbo mu pipa ya mazuti, ikatoka na unyevu ya vidole tatu tu. Na yule jandarme, siku moja atakumbuka ukuta yenye ina joto mu kivuli. Mama-masela, yenye anapita kwa siri kumupima mutoto, akatuambia kuko kambi inje ya muji, basoda ya kofia ya buluu, benye inchi zote za dunia zilituma, banaichunga, bantu ya Kasai na ya kwetu bamejaa mule. Lakini banalala mu tenti, na hema moja bantu kumi. Akasema: "Muko na siku kumi na tano, nitapata kamyo, lori ya misioni. Mutoto ataweza?"

Alfonsina akasema hapana, tubaki. Miye nikasema: "Tutamufundisha."

Kila asubuhi nilirudisha sindano musitari moja. Makumi mbili na moja. Makumi mbili. Niliita chini: "Kalala, nimeshusha!" Yeye anajibu: "Ndiyo, mama, nimesikia!" Tunaitana sawa bantu ya soko, haya imeisha kabisa. Ku kumi na saba miguu ya mutoto ikakuwa buluu. Alfonsina alininyanganya, akasema: "Mama, unamutesa mutoto yangu!" Nikamuambia: "Tenti haina termosta." Lakini roho yangu ilianguka, Baba Kasongo. Nilipandisha musitari moja, nikamutia ndani ya nguo yangu, ngozi ku ngozi, siku mbili nzima, ninakula nimesimama. Mizigo mingi nilibeba mu maisha yangu, sikubeba yenye nilikuwa ninasikiliza kila pumzi yake. Halafu nikashusha tena. Kumi na sita. Kumi na tano. Ananyonya zaidi sasa, baridi inamupa njaa. Amejaza mashavu.

Leo ni siku ya kamyo. Asubuhi tulizima mashini. Kalala alirudisha mukaba ku mufereji ya katikati, namna muzungu aliiacha, na miye nilifagia kave. Bantu basiseme bantu ya Kabalo banaacha uchafu. Kizuizi ya bajandarme iko moja mu njia. Kalala ataingia chini ya magunia ya unga, miye na Alfonsina tutakaa mbele na kitambaa nyeupe ya bagonjwa. Kama banatuuliza siye wa wapi, mama-masela atajibu, miye nitakohoa. Kama bananishika pale, usisikie bantu benye banasema nilikuwa na woga.

Kazi yako ni hii, na usiifanye na pombe mu kichwa. Enda kwa kaka yangu mukubwa, yenye anachunga maneno ya ukoo. Umuambie niliita mukwe jina, nilimuona uso na kifua, nilimufunika na nguo yangu. Toeni mbuzi, ile yako nyeupe, usitoe ile yenye kilema, ninakujua. Muongeze na jembe moja juu ya mbuzi. Museme kule mbele ya bantu: buko imefunguliwa, mukwe huyu anaweza kula na mama-mukwe. Juu nimeishakula naye mara makumi, na anapika muzuri kukushinda.

Umusalimie Kasongo mutoto yetu ya kwanza, umuambie atengeneze paa mbele ya mvua, asingoje miye. Umusalimie kaka yangu. Umusalimie dada yako, yule mwenye kushona, kitambaa yake ya kubebea njo mutoto iko ndani. Jirani yangu ya upande ya mto, umuambie kuku zangu nilizihesabu kabla ya kuenda. Hata muke ya ndugu yako, umusalimie, Mungu anaona.

Kamyo imesimama ku mulango ya nyuma. Mama-masela ananyoosha mukono juu ya barua, ninamuambia angoje. Nimetia mukono ndani ya kitambaa, nimeshika nyayo ya mutoto, moja, halafu ingine. Iko moto. Hakuna mashini, na iko moto. Tunatoka.

Bibi yako yenye unaye paka huyu moja,
Mama Kasongo